Pete ya Hamsini na Moja

Jumamosi ile, jua likiwa bado nyuma ya misonobari, Lucyna alisoma kwa sauti namba ya pete iliyokuwa mguuni mwa ndege, na mama yake hakuirudia.

Pale Ostrówki, kijijini kwao, kwenye meza ya ndege, kurudia ni kanuni. Anayemshika ndege husoma, anayeandika hurudia, ndipo kalamu iguse daftari. Walenty ndiye aliyewafundisha hivyo mkewe na binti yake. Huyo Walenty sijui nimwite marehemu au nisimwite, na shida yote ya nyumba ile ilikuwa neno hilo hilo.

"Mama. Mwisho wake hamsini na nane."

Leokadia aliishika kalamu kama mtu aliyeshika kijiko mbele ya sahani tupu. Mezani palikuwa na mizani, vifuko vya kitambaa, na koleo dogo la kufungia pete. Nje, baridi ilikuwa imekaza mpaka nyuzi za wavu wa kunasia ndege zikawa nyeupe.

"Soma tena," alisema.

Lucyna alisoma tena, namba nzima, toka herufi ya mwanzo. Kichwa cha yule ndege kilikuwa katikati ya vidole vyake viwili, cheusi, shavu jeupe, kifua cha manjano. Sikora wa kawaida, wale wanaojaa kwenye vibanda vya mbegu kila majira ya baridi.

"Ni uzi ule," Lucyna alisema.

Pete hizi za kutambulisha ndege huja zimetungwa kwenye uzi kama shanga, hamsini hamsini, kwa mpangilio wa namba, na hakuna mfunga pete anayeruka moja. Asubuhi ile ya Januari, sasa ni miaka miwili, Walenty alipovuka mto kwenda kwenye kibanda chake cha pili na asirudi, uzi wa hamsini na moja hadi mia ulitoweka naye. Lucyna mwenyewe aliandika barua kwa ofisi ya pete: zimepotea pamoja na mwenye nazo.

"Basi alimfunga asubuhi ile," Leokadia alisema upesi. "Miaka miwili si mingi kwa sikora. Tumeshapata wa miaka saba."

Lucyna alilifungua bawa, akalipuliza taratibu. Sikora aliyekomaa, bawa lake ni la buluu ya kijivu lote. Aliyeanguliwa kiangazi kilichopita, manyoya yake madogo ya ukingoni hubaki na kijani mpaka kiangazi kingine kije. Kijani kilikuwepo, wazi kabisa.

"Mama, huyu ni kinda wa mwaka jana. Baba anaondoka, huyu hata yai hakuwa."

"Labda mwanga mbaya."

"Mwanga ni mzuri."

"Basi sijui mimi! Mimi ni mwandishi tu."

Lucyna aliinamia mguu. Ncha za pete hazikukutana vizuri, moja ilikuwa imepanda juu ya mwenzake. Alizirekebisha kwa koleo, akamwachia ndege dirishani. Kwa kawaida huruka kama jiwe la kombeo. Huyu alitua kwenye paa la kibanda cha mbegu, akageuka, akakaa anawatazama wale wanawake wawili, mpaka Leokadia akaenda kuvuta pazia.

Adhuhuri Lucyna alikwenda dukani kwa Kordula kununua mbegu za alizeti na mafuta ya nguruwe. Yasiyo na chumvi, maana chumvi huua ndege.

"Kilo mbili za mafuta," Kordula alisema, akiyapiga kwenye mizani ili foleni nzima isikie. "Na nyinyi mtakula nini, Lucyna? Au na nyinyi mnadonoa?"

Watu walicheka. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alisema ndiyo nyumba pekee kijijini ambamo ndege hunenepa na watu hukonda. Lucyna alikuwa amevaa koti la baba yake, mikono imekunjwa mara mbili. Alihesabu zloti zake akaziweka kwenye kisahani.

Kordula aliinama juu ya meza. Sasa sauti ilikuwa ya chini. "Nasikia baba yako yuko kazini."

"Nani kasema?"

"Pete, nasikia. Kwenye kitoto cha ndege cha mwaka jana." Alifanya ishara ya msalaba. "Mimi sikuwahi kusema alikwenda kwenye barafu kwa kupenda kwake. Waliosema wapo humu humu, naona leo wamemeza ndimi. Kama alikuwa na pete zake, alikuwa kazini. Mtu aendaye kujimaliza habebi kazi."

Mzee wa kofia alivua kofia.

Lucyna alitembea kurudi nyumbani na mfuko begani, na kitu kikamwingia kama theluji kwenye kola. Asubuhi ile mezani walikuwa watu wawili tu. Yeye hakumwambia mtu.

Jumapili, baada ya misa, alikuja Seweryn, mdogo wake Walenty, na gunia la makaa ya mawe. Aliliangusha karibu na jiko la vigae, akakaa bila kuvua koti.

"Shemeji, Jumanne nakuja kuwachukua saa mbili kamili. Saa tatu tunaitwa mahakamani."

"Najua."

"Hakimu atauliza lile lile la mara ya kwanza: alitoka na vifaa vyake? Mara ya kwanza ulikaa kimya dakika nzima, mpaka karani akadhani umezimia. Safari hii sema ndiyo. Kineno kidogo kuliko kikohozi."

Leokadia alipakua supu ya bitiruti. "Na akirudi?"

"Akirudi nitamnunulia vodka, tumwandikishe upya! Shemeji, miaka miwili. Huna pensheni ya mjane kwa sababu hujawa mjane. Mume huna, kwa sababu, tazama." Alionyesha kiti. "Huyu mtoto anakaa ofisini kwenye kiwanda cha mbao, mshahara wake unakula watu wawili na sikora mia tatu. Novemba nzima watu wanawasha mishumaa makaburini, wewe unawasha chini ya kibanda cha mbegu. Na mkesha wa Krismasi unamwekea sahani."

"Sahani ile ni ya mgeni asiyetarajiwa. Kila nyumba huiweka."

"Kila nyumba huiweka tupu. Wewe unaijaza."

Seweryn alimgeukia Lucyna. "Na hili la ndege?"

"Ni kweli, baba mdogo. Nimemshika mwenyewe."

"Pete ya uzi wake?"

"Ya uzi wake."

"Kwenye mguu wa ndege ambaye hakuwa amezaliwa." Seweryn aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu wa trekta na dizeli, hakuwa na imani na vitu visivyowekwa mafuta. "Basi nani amemfunga?"

Walisikia midomo midogo ikigonga mbegu nje ya dirisha, tik, tik, tik, kama mtu anayepiga chapa kwa kidole kimoja. Leokadia alisema supu inapoa.

Alipoondoka Seweryn, Lucyna alijaza mbegu mfukoni akavuka mto.

Tangu siku zile za kumtafuta hakuna aliyevuka. Barafu ilikuwa nene, ikiguna chini ya miguu. Ng'ambo, theluji haikuwa na alama ya mtu, si kiatu, si fimbo. Kibanda cha pili kilisimama kwenye uwazi katikati ya misonobari, paa limeinama upande mmoja, ndani hakuna hata ganda la mbegu. Miaka miwili hakuna mkono uliokitia kitu.

Alisimama hapo. Kwanza alikuja sikora mmoja, akakaa kwenye tawi la kimo cha kichwa chake. Kisha wa pili. Kisha wakaanza kushuka toka vileleni, kumi, ishirini, arobaini, bila mlio hata mmoja, wakajipanga matawini wakimtazama. Hawakuutazama uso wake. Walitazama mikono.

Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mtu wa mwisho aliposimama pale na mbegu. Nani aliwaambia?

"Baba?" alisema, na mara ile akaona aibu, mwanamke wa miaka ishirini na tisa anaita msituni.

Mmoja wa wale ndege, wa karibu kabisa, alikuwa na kitu mguuni. Pete mpya hung'aa. Hiki hakikung'aa, na Lucyna alidhani ni tope lililoganda. Alimwaga mbegu zote, akageuka. Alipofika katikati ya mto alitazama nyuma. Walikuwa wanamfuata, mti kwa mti, na miti ilipokwisha wakavuka barafu juu ya kichwa chake, kimya kimya, wakatangulia kwenda nyumbani kwake.

Jumatatu basi la kwenda mjini halikuja, barabara ilikuwa kioo cha barafu. Wafanyakazi walingoja nusu saa wakipiga miguu chini, wakatawanyika. Lucyna alirudi kwa njia ya bustani, na alipopita nyuma ya banda la kuni alisikia sauti ya baba yake.

"Mwisho wake sitini na moja," ilisema ile sauti, nzito, ikiburuta neno la mwisho kama alivyoburuta.

"Sitini na moja," sauti ya mama yake ikarudia.

Alisimama ameshika ukuta wa mbao. Ndani alisikia koleo linabana, mlio mdogo. Kisha ile sauti nzito ikasema: "Haya, nenda, mdogo wangu," maneno ambayo Walenty alimwambia kila ndege aliyemwachia.

Alisukuma mlango.

Leokadia alikuwa peke yake. Amekaa juu ya gogo na miwani puani, tundu la mtego miguuni, koleo mkononi, na mapajani uzi wa pete unang'aa kwenye mwanga wa dirisha. Ndege alikuwa keshapita juu ya kichwa cha Lucyna.

"Uko na nani?" Lucyna aliuliza, ijapokuwa aliona.

"Na nani tena? Siwezi kuandika bila mtu wa kunisomea, najisomea kwa sauti yake." Leokadia aliona haya kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Basi lako?"

"Huo uzi umeutoa wapi, Mama?"

"Funga mlango. Baridi inaingia."

Lucyna aliufunga. Mama yake aliliweka koleo chini, akaanza kuisugua miwani kwa aproni, na aliendelea kuisugua muda wote aliokuwa akisema.

"Uliachwa kwenye kikombe chake, juu ya jiko. Siku ile ile. Kikombe kilikuwa kimeoshwa, mwanangu. Miaka thelathini na nne sijawahi kumwona akiosha kikombe. Kimeoshwa, kimefutwa, na uzi umekunjwa ndani."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Wanaume wako mtoni na fito wanatoboa barafu, mimi nitoke niwaambie mfunga pete ametoka bila pete? Mwashi akitoka bila mwiko anakwenda wapi? Ungejibu nini wewe? Kordula angejibu. Padre angejibu." Alivaa miwani, akaivua tena. "Na hakimu ananiapisha. Alitoka na vifaa vyake? Siwezi kusema ndiyo, na msalaba uko ukutani pale. Siwezi kusema hapana. Nikawaza, ndege wakipatikana nazo, sitakuwa nimesema mimi. Watakuwa wamesema ndege."

"Ukawafunga makinda."

"Nitajuaje kinda? Mimi ni mwandishi. Mabawa mlikuwa mkiyatazama nyinyi wawili."

Lucyna alikaa juu ya kuni. Alitaka kukasirika, akaona mikono ya mama yake imejaa alama ndogo nyekundu, maana sikora hudonoa ngozi ya kucha bila huruma, na mtu asiyejua kumshika huumia zaidi.

"Umefunga wangapi?"

"Kumi. Huyu wa kumi."

"Ofisi lazima iambiwe. Pete kumi kwa mkono usio na kibali. Wataninyang'anya changu."

"Basi usiandike."

"Baba angeandika."

"Baba yako ndiye aliyeacha uzi kikombeni," Leokadia alisema, na wote wawili wakatazama sakafu.

Lucyna aliuchukua uzi, akazipitisha pete kwenye vidole moja moja, kwa mazoea tu. Thelathini na tisa. Alihesabu tena.

"Ulianza na ya ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na hamsini na moja?"

"Haikuwepo. Nilidhani aliitumia jana yake."

Lucyna aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi na daftari la zamani. Ukurasa wa mwisho wa Walenty ulikuwa wa siku moja kabla. Mstari wa mwisho: pete ya hamsini, sikora, jike, gramu kumi na saba. Chini yake alikuwa amepiga mstari kwa rula.

"Alichukua moja," alisema Lucyna.

"Mtu huchukuaje pete moja?"

Upepo uliinua theluji kwenye paa la banda ukaiacha tena. Lucyna alilifunga daftari.

Jumanne walifungua wavu kabla ya kupambazuka vizuri. Haikuwa siku ya kufunga pete, lakini ndege waliovuka mto hawakuwa wamerudi. Walijaa bustani nzima, kwenye uzio, kwenye kamba ya nguo, kwenye mpini wa koleo la theluji, nao hawakulia. Leokadia alikuwa keshavaa koti lake jeusi la kanisani.

"Duru moja tu," alisema. "Seweryn anakuja."

Kwenye wavu palikuwa na ndege mmoja. Lucyna alimleta mezani ndani ya kifuko, akamtoa, akaugeuza mguu kwenye mwanga wa dirisha. Pete ilikuwa nyeusi kwa uchakavu, kingo zimelika, namba zimefifia kama maandishi ya sarafu kuukuu. Ncha zake zilikutana sawasawa. Hapakuwa na alama ya koleo popote. Alijua mkono mmoja tu uliofunga hivyo.

Alisoma toka herufi ya mwanzo.

"Mwisho wake, hamsini na moja."

Kalamu ilisimama. Kutoka barabarani gari la Seweryn lilipiga honi.

"Bawa," alisema Leokadia.

Lucyna alilifungua. Buluu ya kijivu yote, bila kijani. "Aliyekomaa."

"Soma tena."

Alisoma tena. Leokadia alivuta pumzi.

"Hamsini na moja," alirudia, na akaandika. Kisha akainua macho, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa viatu vilivyombana miaka miwili. "Alifanya kazi, basi. Asubuhi ile alifika kule, akafanya kazi."

Lucyna aliitazama ile pete. Mtu aendaye kazini huchukua uzi. Anayechukua pete moja anajua atamfunga ndege mmoja. Aliliona hilo wazi kama bawa, na akajua kwamba mama yake, aliyeandika mezani miaka thelathini na nne, si mjinga.

"Alifanya kazi, Mama," alisema.

Dirishani alifungua kiganja. "Haya, nenda, mdogo wangu." Ndege aliruka kama jiwe la kombeo, na bustani yote ikaruka naye, ghafla, kwa kelele, wakapita juu ya mto wakatawanyika msituni. Seweryn alikutwa amesimama kando ya gari, mdomo wazi, na kinyesi cha ndege begani.

"Nyumba hii," alisema, akijipangusa. "Twendeni, kabla hawajabadili mawazo."

Mjini Lucyna aliomba wasimame posta. Alitumbukiza barua kwa ofisi ya pete: namba kumi, mkono usio na kibali, na sababu. Na namba moja chini yake, peke yake, na tarehe.

Mahakamani palikuwa na joto la kuleta usingizi. Hakimu, mwanamke aliyekuwa na mafua, aliuliza lile lile.

"Alitoka na vifaa vyake?"

Seweryn alifumba macho. Leokadia alisimama wima, mkoba mikononi.

"Alitoka na pete moja, na aliitumia. Imo kwenye daftari."

Hakimu alimtazama, akatazama karatasi, akapenga kamasi. Maswali mengine yalikuwa mafupi. Mwishowe alimsomea karani uamuzi, polepole, kalamu imfuate: jina, jina la baba, mahali, siku ya Januari, na kwamba mtu huyo amefariki.

"Amefariki," alisema Leokadia kwa sauti.

Karani aliinua kichwa. Hakimu alishusha karatasi. "Mama, si lazima urudie."

"Ni lazima," alisema Leokadia. "Kwetu kisiporudiwa hakiandikwi."